Walishaachana, mbona bado anamfuata?

Chukua mfano wa mama wa watoto wawili, muuzaji katika duka la dawa, aliyeachana na mume wake miezi minane iliyopita. Jumatatu mwanamume huyo amempigia simu mara 19. Hakupokea hata moja. Jumanne ukaingia ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Leo umependeza na hilo gauni la kijani." Jumatano kimya. Alhamisi kijana wa bodaboda akamletea chipsi kuku dukani, akasema zimeshalipiwa. Ijumaa kimya tena. Jumamosi mwanamume mwenyewe akaonekana kijiweni ng'ambo ya barabara, anakunywa kahawa, hamsemeshi mtu.

Sasa mama huyu anataka kueleza shida yake. Aanzie wapi? Kupiga simu si kosa. Kusifu gauni si kosa. Chipsi ni zawadi, na kahawa ya kijiweni hunywewa na kila mtu. Akimweleza shangazi yake, huenda akajibiwa kwamba ana bahati, wenzake wakiachwa huwa hawatafutwi. Akimweleza jirani, ataulizwa kama amepigwa. Hajapigwa. Lakini hajalala usiku mzima tangu mwezi wa tatu, nguo zimeanza kumpwaya, na simu ikilia, hata ikiwa ya mwalimu wa mtoto, mikono inamtetemeka.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kila tukio likitazamwa peke yake ni dogo. Kinachomwumiza ni jumla ya matukio hayo, na jumla hiyo anaiona yeye peke yake.

Kiswahili bado hakijakubaliana neno moja la tabia hii. Wapo wanaosema kunyemelewa, wengine kufuatwafuatwa. Kuandamwa huenda ndiko kunakokaribia zaidi, kwa sababu anayeandamwa haombwi ruhusa na hajui ataachwa lini. Wataalamu hutazama mambo matatu: kitendo kinajirudia, anayetendewa hakitaki, na kinamtia hofu. Haijalishi kama kilicholetwa ni maua au matusi.

Tofauti na inavyoonyeshwa kwenye filamu, mara nyingi anayeandama si mgeni aliyejificha gizani. Ni mtu aliyewahi kulala naye kitanda kimoja. Daktari wa magonjwa ya akili Paul Mullen na wenzake wa Australia, waliotumia miaka mingi kuwachunguza watu wenye tabia hii, waliwagawa katika makundi, na kundi kubwa likawa la wale walioachwa. Mtu wa kundi hili anataka mambo mawili yanayogongana: kurudiwa na kulipiza kisasi. Ndiyo maana asubuhi anaweza kutuma "nisamehe mke wangu" na jioni ya siku hiyohiyo akatuma "utaona." Ndugu wakionyeshwa simu, macho yao hutua kwenye ule wa asubuhi.

Mwanamume pia huandamwa na mke au mpenzi wa zamani, na aibu ya kusema huwa kubwa zaidi kwake kwa kuwa atachekwa. Yanayoelezwa hapa yanamhusu naye. Ila wanaoandamwa na mwenza wa zamani wengi wao ni wanawake, na wanaouawa baada ya kuandamwa ni wanawake zaidi, hivyo mifano mingi itakuwa yao.

Kinachotokea kichwani na mwilini

Mwaka 1997 Mullen na mwenzake Michele Pathé walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 100 walioandamwa. Kipindi cha kuandamwa kilikuwa kati ya mwezi mmoja na miaka 20. Wote isipokuwa sita walikuwa wamebadilisha sana maisha yao ya kazi au ya kijamii. Asilimia 53 walibadilisha kazi au kuacha kabisa, na asilimia 39 walihama nyumba. Asilimia 83 walieleza kuwa wasiwasi wao umeongezeka, zaidi ya nusu walikuwa wakirudiwa na kumbukumbu za matukio bila kutaka, na asilimia 24 walikiri kuwa na mawazo ya kujiua. Asilimia 37 walikuwa na vigezo vyote vya ugonjwa unaotokana na kiwewe, ule ambao watu wengi hudhani ni wa askari waliotoka vitani na manusura wa ajali kubwa.

Ni kweli kwamba hao walikuwa watu waliokwisha kutafuta msaada, kwa hiyo hali zao huenda zilikuwa mbaya kuliko za wengine. Hata hivyo kuna jambo moja la kutazama. Kati ya watu 100, waliokuwa wameshambuliwa kimwili au kingono walikuwa 34. Wasiwasi uliwakumba 83. Maana yake wapo wengi ambao hawakuguswa hata kidole na bado waliumia.

Inakuwaje mtu augue kwa sababu ya simu na kahawa ya kijiweni?

Binadamu huzoea kelele anayoitegemea. Anayeishi jirani na reli hulala treni ikipita, kwa sababu ubongo umeshajifunza saa zake na umeshajua kwamba haitamdhuru. Anayeandamwa hana ratiba ya kujifunza. Haijui siku, haijui njia, na hajui safari hii itakuwa zawadi au panga. Kwa hiyo mwili unabaki macho. Homoni za hatari, ambazo kazi yake ni kumwezesha mtu kukimbia au kupigana kwa dakika chache, zinamwagika siku nzima, wiki nzima. Moyo unakwenda mbio mtu akiwa ameketi. Misuli ya shingo na mgongo inakaza. Tumbo linavurugika, hamu ya chakula inapotea, kwa baadhi ya wanawake hata mzunguko wa hedhi unayumba. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, kila geti linapolia mtu ameketi kitandani.

Na katika ile wiki ya mfano, siku mbaya kwa mama yule huenda hazikuwa Jumanne wala Alhamisi. Huenda zilikuwa Jumatano na Ijumaa, siku za kimya, kwa sababu siku hizo alishinda akisubiri.

Baada ya miezi, tahadhari hugeuka kuwa namna ya kuishi. Anaketi mgahawani akitazama mlango. Anashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla na kuzunguka kwa miguu. Anaacha kwenda kwenye kikoba kwa kuwa siku ya kikao inajulikana. Anaacha kwaya. Hapandishi picha tena kwenye status ya WhatsApp. Rafiki zake wanaona anaringa au amebadilika, nao wanapunguza kumtafuta, na hapo aliyemwandama anakuwa amepata alichotaka bila kutoa jasho. Nyumbani anawafokea watoto kwa jambo dogo, kisha analia chooni. Kazini anasahau, anakosea hesabu, bosi anaanza kununa.

Mwenza wa zamani ana silaha ambayo mgeni hana: anajua. Anajua namba ya mama mkwe wake wa zamani, saluni anayosukia nywele, siku ya mshahara, shule ya watoto, ugonjwa aliomficha kila mtu, na nywila ya simu ambayo haijabadilishwa tangu wakiwa pamoja. Anajua pia maneno yanayomlainisha. Mara nyingi anayeandamwa bado anamhurumia, pengine bado anamkumbuka, na hisia hizo zikikutana na hofu humfanya ajione mjinga. "Mimi ndiye niliyemchagua" ni sentensi inayomfunga mdomo kuliko vitisho vyenyewe.

Kitisho kimoja kinafaa kutajwa peke yake kwa sababu huwashinda wengi: "Usiporudi nitajiua." Kisipuuzwe, maana wapo wanaotenda. Lakini anayeambiwa hivyo hapaswi kwenda peke yake kumtuliza. Ampigie ndugu wa mwanamume huyo, au rafiki, au polisi, awape ujumbe huo kama ulivyo, na wao ndio wamfikie na kumpeleka hospitali.

Hofu ile ina msingi

Familia nyingi humwambia anayeandamwa kwamba anakuza mambo. Polepole naye huanza kujiuliza kama kweli anajitungia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliangalia wanawake 141 waliouawa na wenza au wenza wa zamani. Asilimia 76 walikuwa wameandamwa na mtu huyohuyo katika miezi 12 kabla ya kifo. Hii haimaanishi kwamba kila anayeandamwa atauawa; walio wengi hawauawi. Inamaanisha kwamba kuandamwa ni dalili ya hatari na inastahili kuchukuliwa hivyo, hata kama aliyeleta chipsi aliwasalimia watu wote kwa adabu.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris wiki chache kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake, nyumbani kwake Trans Nzoia nchini Kenya. Alifariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret.

Watafiti walewale wa Australia waligundua jambo lingine lenye manufaa kwa wazazi. Usumbufu mwingine huisha wenyewe ndani ya siku chache. Ukivuka wiki mbili, uwezekano wa kuendelea kwa miezi huwa mkubwa. Kwa hiyo mzazi ambaye binti yake wa chuo anasema "huyu kaka bado ananisumbua, mwezi wa pili sasa" asimjibu kwamba atachoka tu. Kwa kipimo hicho, kama alikuwa wa kuchoka angekuwa ameshachoka.

Neno usuluhishi limewaumiza wengi hapa. Mila za kwetu zinapenda vikao, na kwa ugomvi wa kawaida wa ndoa ni jambo jema. Hata sheria inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi. Lakini watu wakishaachana na mmoja akawa anamwandama mwenzake, kikao cha kuwapatanisha humpa mwandamaji kile anachokitafuta: kukaa naye chumba kimoja, kumtazama usoni, kusikia sauti yake. Atalia mbele ya wazee, atapiga magoti, ataahidi. Wazee wataguswa. Mwanamke atakayebaki kimya ataonekana ana moyo mgumu. Wiki inayofuata simu zinaanza tena, safari hii zikiwa na baraka za ukoo.

Vivyo hivyo kwa kupokea simu "mara moja tu ili nimweleze anielewe." Mtu aliyepiga mara 40 bila kupokelewa, kisha akapokelewa mara ya 41, hajaelewa alichoelezwa. Amejifunza kwamba 41 ndiyo idadi inayotakiwa. Ushauri wa wanaoshughulikia jambo hili ni mwanamke kusema mara moja, kwa maandishi mafupi yasiyo na matusi wala maelezo, kwamba hataki kutafutwa tena, kisha asijibu chochote. Kama ana sababu ya kuamini kwamba hata hilo litamchochea, aanze na polisi au mwanasheria kwanza. Kumbloku ni hiari yake, lakini wapo wanaoiacha namba ile iendelee kupokea ujumbe huku sauti imezimwa, ili ushahidi usipotee na ili wajue hasira yake imefika wapi. Anayeshindwa kuutazama ujumbe huo anaweza kumpa dada yake simu ya pili aisome yeye.

Kuhusu simu kuna mambo ya kufanya leo. Laini nyingi za wanawake zilisajiliwa kwa alama za vidole za mume. Mwenye usajili anaweza kwenda kwa wakala kuirudisha laini kana kwamba imepotea, na kuanzia hapo ujumbe wote wa benki na wa WhatsApp unaingia kwake. Kupiga *106# huonyesha usajili wa laini. Ikiwa si ya jina lake, ni bora kusajili nyingine na kuhamisha benki na pesa za simu kwenye hiyo mpya. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ikionyesha kompyuta au simu asiyoitambua, aiondoe. Akaunti ya Google ibadilishwe nywila, na sehemu ya kuonyesha wengine mahali alipo izimwe. Simu za watoto pia zikaguliwe, hasa iliyonunuliwa na baba kama zawadi. Mwanamke aliyeshangaa gauni lake lilijulikanaje hushangaa mara ya pili akigundua kuwa hakuna aliyemwona. Binti yake alipandisha picha.

Akifika hospitali

Wengi hufika hospitali wakiwa na malalamiko ya mwili: kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio, presha iliyopanda ghafla, kukosa usingizi. Kwa hali ya vituo vyetu, si ajabu mtu akarudi nyumbani na dawa za taifodi na UTI. Hakudanganya; kichwa kilimwuma kweli. Ila hakuulizwa nyumbani kukoje, naye hakuthubutu kusema. Mgonjwa anayeandamwa aseme hivyo waziwazi anapoingia kwa daktari, hata kwa sentensi moja: kuna mtu ananifuata, naogopa, silali.

Jambo la kuepuka ni kununua dawa za usingizi dukani. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, hujenga utegemezi, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 lilishauri dawa za kundi hilo zisitolewe kutibu dalili za kiwewe kwa watu wazima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Pombe hufanya vilevile: humlaza saa mbili na kumwamsha saa tisa usiku akiwa na moyo unaodunda.

Kinachosaidia zaidi ni tiba ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, inayomsaidia mtu kupanga upya kumbukumbu na fikra zake, pamoja na dawa za sonona pale daktari anapoona zinahitajika. Idara ya afya ya akili ya Muhimbili, Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma na hospitali za rufaa za mikoa ni mahali pa kuanzia. Zipo pia hospitali zenye vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Mtaalamu mzuri atatofautisha mambo mawili. Tiba ya kiwewe kwa kawaida humfundisha mtu kwamba hatari imekwisha na mwili unaweza kutulia. Kwa anayeandamwa hatari haijaisha. Kumwambia apuuze hofu yake ni kumnyang'anya king'ora cha nyumba wakati mwizi yuko uani. Kwa hiyo usalama hupangwa kwanza, au sambamba na tiba: njia za kupita, jirani wa kumpigia, kufuli, neno la siri na watoto. Ikitokea anazungumzia kifo au kusema watoto wataishi vizuri bila yeye, asiachwe peke yake siku hiyo, apelekwe hospitali.

Daftari ni dawa na ni ushahidi

Polisi wetu wamezoea jeraha. Fomu namba tatu ya polisi, PF3, hutolewa kwa aliyeumizwa ili daktari aandike alichokiona. Anayeandamwa hana cha kuandikwa hapo. Akifika kaunta na kusema "amenunua kahawa karibu na kazini kwangu," atatazamwa juu hadi chini.

Ndiyo maana daftari la shilingi 1,000 lina thamani. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, mahali, alichofanya, nani aliona. Ujumbe usifutwe; upigwe picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha utumwe kwa mtu mwingine wa kuaminika ili simu ikiibwa usipotee. Baada ya wiki sita, daftari hilo litaonyesha kile ambacho mdomo ulishindwa kueleza. Linamsaidia pia mwenyewe. Aliyekuwa ameanza kujiona ameharibikiwa akili anasoma kurasa zake na kuona kwamba kumbe alihesabu sawasawa.

Kwa daftari hilo aende Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, akisindikizwa na mtu mzima anayeweza kuongea bila kulia. Asianze na tukio la jana. Aanze na idadi: simu 300 kwa mwezi mmoja, mara 11 karibu na kazi, mara nne getini.

Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani, inayoutaja mwenendo huu kwa jina lake kama aina mojawapo ya ukatili. Kwa Tanzania Bara njia hupita kwenye sheria zaidi ya moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Vitisho vya kuua au kudhuru ni makosa ya jinai hata vikitamkwa kwa upole. Na ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo wengi huikumbuka kwa talaka na mali tu, inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kujilazimisha kuwa pamoja na mwenza wake wa zamani. Amri hiyo huombwa wakati shauri la ndoa linaendelea au baada ya talaka au utengano kuamuliwa na mahakama. Walioishi pamoja bila ndoa hawana mlango huo ulio wazi hivyo, na hilo ni pengo linalostahili kupigiwa kelele bungeni. Asiye na fedha ya wakili anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria walioko kwenye halmashauri, TAWLA au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Watoto katikati

Walio na watoto hawawezi kukata mawasiliano yote, na mwandamaji anajua. Homa ya mtoto, ada, sare, kila kitu kinakuwa sababu ya kupiga simu saa sita usiku. Mtoto anatumwa: "Mwambie mama baba analia." Anahojiwa: "Nani alikuja nyumbani jana?" Mtoto wa miaka saba anakuwa mpelelezi dhidi ya mama yake na mjumbe wa baba yake, na analipa kwa kukojoa kitandani, kuumwa tumbo siku za shule au kunyamaza kusiko kwa kawaida.

Mawasiliano kuhusu watoto yapitie mtu wa tatu, bibi au mjomba anayeheshimika na pande zote, au yawe ya maandishi tu kwa namba moja inayotumika kwa kazi hiyo. Makabidhiano yasifanyike mlangoni kwa mama. Yafanyike kwa ndugu, shuleni, au ofisi ya ustawi wa jamii, na ofisa ustawi anaweza kuombwa kuweka utaratibu huo kwenye maandishi. Shule iambiwe nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Mtoto mwenyewe aambiwe kwa maneno machache kwamba ujumbe wa wakubwa si kazi yake, na akiogopa jambo lolote anaweza kupiga 116 bure.

Halafu kuna mzazi wa upande wa pili, ambaye huwa haandikiwi. Kijana wake ameachwa, hali, halali, anazunguka usiku na pikipiki kupita mtaa wa msichana. Mama anamwonea huruma, na kwa huruma hiyo anampigia msichana simu: "Mwanangu atakufa, ongea naye." Simu hiyo ni sehemu ya kuandama. Mama mkwe anayepeleka salamu, dada anayechungulia status na kuripoti, rafiki anayesema alipohamia, wote wanamsukuma kijana aendelee.

Kijana huyo anaumwa kweli na anahitaji msaada wake mwenyewe, mbali na yule msichana. Baba au mjomba amkalishe na kumwambia kwa lugha ya wazi kwamba uhusiano umekwisha, kwamba anachofanya kinatisha na kinaweza kumfunga, kisha amchukulie pikipiki usiku, abaki naye wikiendi, ampeleke kwa mshauri au daktari. Na kama amesikika akisema atamwua au atajiua, au anatafuta petroli, tindikali, silaha, basi simu ya kupiga ni ya polisi, 112, na nyingine ya kumwonya yule msichana na familia yake usiku huohuo.